Mateka, Damu na Majina ya Kazi: Simulizi za Wanyonya Damu na Kumtafuta Aliyechukuliwa katika Mwambao wa Rumonge, 1881–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza simulizi za wanyonya damu katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, yakichukua Rumonge na mwambao wa Burundi kuwa mahali pa kuzitazamia. Hoja kuu ni kwamba simulizi hizo, zijulikanazo katika Kiswahili kwa majina kama mumiani, wazimamoto, chinjachinja, banyama na batumbula, zinahusu mateka zaidi ya zinavyohusu damu. Zinajibu swali ambalo watawala wa vipindi mbalimbali walikataa kulijibu: aliyechukuliwa yuko wapi? Makala yanafuatilia swali hilo katika biashara ya utumwa na mauaji ya wamisionari wa Rumonge mwaka 1881, katika kampeni za kupambana na malale, na katika mauaji ya mwaka 1972. Yanamalizia kwa kuwashauri watafiti na watunga sera kuhusu namna ya kukabiliana na uvumi huu, ambao hata katika karne ya 21 bado unasababisha vifo vya watu wasio na hatia.

1.0 Utangulizi

Rumonge ni mji wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese, samaki, soko na misikiti, na ni miongoni mwa sehemu chache za Burundi ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kila siku ya wenyeji wengi kwa vizazi kadhaa. Ng'ambo ya ziwa zipo Fizi na Baraka; kusini ipo Nyanza-Lac, kisha Kigoma na Ujiji. Kwa mtu wa Rumonge ziwa ni njia zaidi ya kuwa mpaka. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, chumvi, dagaa, dini na lugha. Kwa njia hiyo hiyo walipita watu waliochukuliwa wasirudi.

Katika eneo hili lote, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Katanga, watu wa karne ya 20 walisimulia habari za watumishi wa serikali au wazungu waliokamata Waafrika usiku, wakawafungia mashimoni na kuwatoa damu. Wasomi wa mwanzo walizichukulia habari hizo kuwa ushirikina tu. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi na historia katika Afrika ya kikoloni, alionyesha kwamba zinaweza kusomwa kama ushahidi: si ushahidi kwamba damu ilinyonywa, bali wa namna watu walivyoyafikiri mamlaka, ajira na tiba za kikoloni.

Makala haya yanaanzia hapo na kuongeza jambo moja. Katika masimulizi haya msomaji huvutwa na mnyonya damu, naye aliyefungwa shimoni akasahaulika. Huyo wa shimoni ndiye tunayemfuata hapa. Hatudai kwamba Rumonge ilikuwa na mumiani wake wa pekee. Tunadai kwamba historia ya mwambao huu, ambako watu walichukuliwa tena na tena bila maelezo, inatufundisha kwa nini simulizi za namna hii huaminika, na ni jibu gani linaloweza kuzituliza.

2.0 Majina: mnyonya damu na kazi yake

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyohifadhi ushahidi wa kale zaidi. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, na ni ndugu wa neno linalotumika katika lugha za Ulaya kwa maiti zilizohifadhiwa za Misri. Awali lilitaja kitu halisi: dawa nyeusi mfano wa lami au utomvu, iliyoletwa na wafanyabiashara na kutumiwa kutibu mivunjiko na maumivu. Hata hivyo, tayari kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inaeleza kwamba wenyeji waliiona kuwa dawa inayotengenezwa na wazungu kutokana na damu ya binadamu. Kamusi Sanifu ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson mwaka 1939 inatoa maana zote mbili, ile ya dawa na ile ya damu ya watu waliouawa, na inaongeza kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka mjini watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Ni nadra kamusi kuandika hofu ya mji mzima ndani ya kidahizo kimoja.

Kuelekea bara majina yalibadilika. Nchini Kenya na Uganda walioogopwa ni wazimamoto, yaani watu wa kikosi cha kuzima moto. Katika sehemu za bara la Tanganyika na Kenya waliitwa chinjachinja au kachinja. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, kusini mwa ziwa, waliitwa banyama, jina lenye uhusiano na bwana nyama, yaani afisa wa idara ya wanyamapori. Katika Kongo ya Wabelgiji, hasa Katanga, waliitwa batumbula, jina linalotokana na kitenzi cha Kiluba chenye maana ya kuchinja au kushinda kwa nguvu, na ambalo katika sikio la Mswahili linakaribiana na kutumbua. Mwambao wa Burundi umezungukwa na majina haya yote: la pwani kutokea Ujiji, la Kongo kutokea ng'ambo ya ziwa, la kusini kutokea Rhodesia na la kaskazini kutokea Uganda.

Jambo la kuzingatia ni aina ya majina yenyewe. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya viumbe wa kutisha: jini, zimwi, pepo, shetani, popobawa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotumika hapa. Mnyonya damu alipewa jina la kazi. Ni mzimamoto, ni mtu wa idara ya wanyama, ni mchinjaji. Na mumiani wa pwani alikuwa kwanza bidhaa ya dukani. Waliosimulia hawakuwa wakizungumzia kuzimu. Walikuwa wakizungumzia idara, mshahara, sare, gari na amri kutoka juu. Mnyonya damu wa simulizi hizi hanyonyi kwa njaa yake mwenyewe. Anafanya kazi aliyotumwa, na damu inakwenda kwingine.

Umbo hilo la lugha halikufa pamoja na ukoloni. Msamiati wa siasa ya ujamaa nchini Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ulijengwa juu ya unyonyaji, kupe na mirija. James Brennan, katika utafiti wake wa mwaka 2006, ameonyesha uhusiano kati ya lugha hiyo ya kisiasa na simulizi za zamani za damu. Uhusiano huo unaigusa Burundi moja kwa moja. Wakimbizi wa mwaka 1972, wengi wao kutoka Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi, waliishi miongo mitatu na zaidi katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, ambako watoto wao walisoma katika shule za Tanzania na kuupata msamiati huo.

Neno moja zaidi linahitaji kutazamwa: mateka. Mzizi wake ni teka. Tunateka maji kisimani, na adui huteka watu na nyara. Kwa mtazamo wa lugha, mateka ni mtu aliyechotwa kama maji: ametolewa mahali alipokuwa wa wenzake, akatiwa katika chombo cha mwingine. Tukiwa na neno hili mkononi tutaona kwamba hadithi ya damu inayochotwa na historia ya watu wanaochotwa havikuwa mbali tangu mwanzo.

3.0 Mtoto wa Rumonge, 1881

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha biashara ya misafara, na biashara hiyo iliuza watu pamoja na pembe. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyefahamika zaidi kwa lakabu ya Rumaliza, alipanua nguvu zake kuelekea kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1880, ingawa majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia kuingia ndani ya nchi. Lakabu yenyewe, inayobeba maana ya kumaliza, inatuambia jinsi wenyeji walivyompokea. Kwa watu wa Imbo, nchi tambarare ya mwambao, hatari haikuwa ya kubuni. Mashua ilifika, watu wakapakiwa, na waliobaki hawakupata habari zao tena.

Katika mazingira hayo Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe, walifungua kituo Rumonge mwaka 1879. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwakomboa watoto waliokuwa utumwani na kuwalea misheni. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na mlei msaidizi wao d'Hoop, waliuawa hapo Rumonge na watu wa Bikari waliokuwa majirani zao. Chanzo cha ugomvi kilikuwa mtoto mmoja aliyekuwa chini ya hifadhi ya misheni. Baada ya mauaji hayo kituo kilifungwa, na miaka mingi ilipita kabla ya misheni ya kudumu kusimama ndani ya Burundi.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama sura ya ushahidi wa imani. Kwa mwanaisimu wa historia linazua swali jingine, nalo limo ndani ya kitenzi komboa. Anayekomboa hulipa. Humpa mwenye mtumwa kitambaa, shanga au chumvi, kisha huondoka na mtoto. Kwa mlipaji huo ni ukombozi. Kwa jirani anayetazama tendo hilo hilo kutoka nje, ni mtu mwingine mgeni aliyenunua mtoto na kumfungia ndani ya ua wake. Misheni haikuwa na namna rahisi ya kuonyesha kwamba malipo yake yalitofautiana na malipo ya mfanyabiashara wa Ujiji. Yaelekea kila upande ulijiona ndio unaomrejesha mtoto mahali pake, na kila upande ulimwona mwenzake kuwa mtekaji.

Huu si mkasa wa mumiani, na haupaswi kugeuzwa kuwa hivyo. Umuhimu wake ni kwamba unatuonyesha chembe ambayo simulizi za baadaye zingeikuza: mtoto yuko ndani ya nyumba ya wageni, haijulikani anafanywa nini humo, na wanaotaka kujua hawana mlango wa kubisha ila kwa silaha. Nusu karne baadaye, katika Rhodesia ya Kaskazini, mapadre wa shirika hilo hilo walituhumiwa kuwa banyama. Hapana shaka sababu za huko zilikuwa za huko, lakini shutuma ilikuwa na umbo lile lile: kuna kinachofanyika ndani ya nyumba ya misheni ambacho sisi wa nje hatuelezwi.

4.0 Sindano, kambi na damu halisi

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia mwambao wa Tanganyika. Wajerumani, waliokuwa na boma Usumbura, walipeleka huko mbinu zilizofanyiwa majaribio na Robert Koch katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907. Watu waliitwa kukaguliwa. Daktari alipapasa tezi za shingo, akatoboa kwa sindano na kuchota majimaji. Alichukua damu na kuitazama katika darubini. Waliokutwa na vimelea walipelekwa kambini na kuchomwa atoxyl, dawa ya jamii ya aseniki. Baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa dawa hiyo walipofuka. Mari Webel, aliyeandika historia ya kampeni hizo katika eneo la Maziwa Makuu, ameonyesha kwamba watu wa mwambao hawakuwa wapokeaji wa kimya. Walipima faida na hasara, wakaja kambini walipoona nafuu na wakatoroka walipoona madhara.

Tawala za Wajerumani, na baadaye za Wabelgiji waliotwaa nchi mwaka 1916, zilisafisha vichaka vya mbung'o na kuwahamisha watu kutoka sehemu za mwambao. Tukiyaweka mambo haya pamoja tunapata orodha ifuatayo: mtumishi wa serikali anafika kijijini akiwa na askari, anachota damu, anamchukua mtu na kumpeleka kwenye uzio, baadhi ya waliochukuliwa wanarudi vipofu, na wengine hawarudi kabisa, damu iliyochotwa inaondoka, na hakuna anayesema inakwenda wapi. Ukimwomba mtu asiyejua bakteriolojia aeleze alichokiona, ataeleza kwa usahihi mambo yale yale ambayo simulizi za batumbula na mumiani zinayasema. Tofauti ni kwamba simulizi zinaongeza sababu.

Ndiyo maana ni kosa kusema kwamba uvumi huu ulitokana na ujinga wa tiba. Watu walikuwa na taarifa nyingi, na karibu zote zilikuwa sahihi. Walichonyimwa ni maelezo. Daktari alijua kwa nini anachota tone la damu, lakini mfumo aliofanyia kazi haukumtaka amweleze mwenye damu. Kati ya taarifa na maelezo kulibaki pengo, na masimulizi yaliingia humo.

Katika simulizi za Nairobi, Kampala na Katanga, mateka huwekwa shimoni na kulishwa vizuri ili damu yake isikauke. Katika zile za batumbula hunenepeshwa, hupoteza akili na hata kugeuzwa nguruwe. Maelezo haya yanashangaza hadi tunapokumbuka kwamba yanamzungumzia mtu ambaye jamaa zake hawajaona maiti yake. Shimo linamweka hai. Alimradi yuko shimoni, bado anaweza kutolewa. Simulizi ya mnyonya damu, pamoja na utisho wake wote, inakataa kumtangaza aliyechukuliwa kuwa marehemu.

5.0 Ikiza: 1972

Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi. Waliwaua mamia ya watu, wengi wao Watutsi, wakiwemo viongozi wa utawala na raia wa kawaida. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa ukandamizaji ulioenea nchi nzima na kuwalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wauguzi, watumishi wa serikali, wafanyabiashara. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Kumbukumbu za kipindi hicho zinarudia picha moja: majina yanasomwa, watu wanapakiwa katika lori, lori linaondoka.

Katika Kirundi matukio hayo huitwa ikiza, neno linalotumika pia kwa balaa kubwa au tauni. Chaguo hilo lina uzito. Balaa haina mtu wa kuulizwa. Waliouawa, kwa upande wao, walibandikwa jina abamenja, yaani wasaliti, na familia ya msaliti haikuruhusiwa kulia hadharani wala kuuliza kaburi. Hivyo lugha yenyewe ilifungwa pande mbili: tukio likapewa jina lisilo na mtendaji, na mwathirika akapewa jina lisiloruhusu aulizwe habari zake.

Hapa ndipo tofauti kati ya mwambao na simulizi za wanyonya damu inapodhihirika, na inafaa kutamkwa kwa uwazi. Mwaka 1972 watu hawakuhitaji kubuni. Lori lilikuwa lori, askari alikuwa askari, na shimo lilikuwa kaburi la pamoja. Umbo la kisa ni lile lile la mumiani: usiku, gari, sare, amri kutoka juu, mtu asiyerudi. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukisema. Kwa miongo mingi wajane na yatima walibaki na swali ambalo halikuwa na ofisi ya kulipokea. Waliokimbilia Tanzania waliacha pia mashamba ya michikichi na ya mpunga, ambayo wengine waliyakalia. Walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008 na 2009, migogoro ya ardhi Rumonge na Nyanza-Lac ilifufua majina ya waliochukuliwa, kwa kuwa haki ya shamba ilitegemea kuthibitisha nani alikuwa mwenyewe na alitoweka vipi.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilianza mwaka 2020 kufukua makaburi kwa upana. Katika mkoa wa Karusi pekee ilitangaza kupata mabaki ya watu 6,032 mnamo Februari mwaka huo, na ikaorodhesha zaidi ya makaburi ya pamoja 4,000 nchini. Desemba 2021 ilitamka kwamba yaliyofanyika mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kazi ya tume hiyo imezua mabishano, hasa kuhusu uwiano wake katika kuchunguza vipindi mbalimbali na waathirika wa pande zote. Pamoja na mabishano hayo, jambo moja haliwezi kupingwa: kwa mara ya kwanza chombo cha dola kilisimama mbele ya shimo na kukiri kwamba waliomo ni watu waliochukuliwa na dola.

6.0 Uvumi unaoua

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukizisifu simulizi za damu kama sauti ya wanyonge. Ukweli ni mchungu zaidi. Wanaowawinda wanyonya damu huwa na shabaha, na shabaha hiyo ni mtu mwenye mwili.

Mjini Mombasa mwaka 1947 umati ulishambulia kituo cha zimamoto kwa kuamini kwamba humo ndimo damu inamochukuliwa. Jijini Kampala, mwanzoni mwa mwaka 1959, gazeti la Uganda Argus liliripoti habari ya mtu aliyefungwa miaka mitatu kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwa wazimamoto. Alikuwa ameamini uvumi, na badala ya kuuogopa aliuona kuwa soko. Waliomwokoa mateka siku hiyo ni wazimamoto wenyewe, walioita polisi. Kisa hiki kinatukumbusha kwamba simulizi inayowalinda wengine inaweza kumfundisha mwingine kumgeuza rafiki yake kuwa bidhaa.

Mifano ya karibuni inawagusa moja kwa moja wasomaji wa juzuu hili. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mwaka mmoja baadaye, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa katika wimbi la uvumi wa aina hiyo, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Mombasa, Chamwino na Mulanje, hakuna mateka hata mmoja aliyekutwa. Aliyetafutwa hakuwa pale, na waliouawa hawakuwa wamemchukua.

Kwa upande mwingine, si kila hofu ya kuwindwa ni uvumi. Mwaka 2008 na 2009 watu wenye ualbino waliuawa mashariki mwa Burundi, na viungo vyao vikavushwa mpaka kwenda kuuzwa. Wengine walilazimika kukimbilia mjini Ruyigi na kuishi chini ya ulinzi, na mahakama ya huko iliwatia hatiani washtakiwa kadhaa mwaka 2009. Wawindaji wa miili walikuwepo kweli. Afisa anayekanusha kila habari ya namna hii kwa kusema kwamba huo ni ushirikina, siku moja atakuwa anamkanusha mtu anayesema kweli. Kukanusha kwa jumla si sera, kwa sababu hakumsaidii mwananchi kutofautisha gari la watafiti na gari la wauaji.

7.0 Athari kwa utafiti na sera

Hoja zilizotangulia zinaleta mapendekezo manne.

Kwanza, watafiti wanaochukua sampuli, iwe ya damu, ya maji au ya udongo, waeleze sampuli inakwenda wapi na itarudi vipi. Fomu za ridhaa kwa kawaida hueleza hatari na faida. Ni chache zinazoeleza safari ya kilichochukuliwa. Kwa historia ya mwambao huu, safari hiyo ndiyo swali. Mrejesho wa matokeo kijijini uhesabiwe kuwa sehemu ya utafiti na uwekwe katika bajeti.

Pili, barua ya kibali isiishie wilayani. Marehemu wa Chamwino walikuwa watumishi wa taasisi ya umma, waliokuwa kazini. Kibali kinachojulikana ofisini tu hakimlindi mtu barabarani. Viongozi wa vitongoji, wa misikiti na wa makanisa wapate taarifa kabla ya gari kufika, kwa lugha inayosemwa hapo.

Tatu, lugha. Mjini Rumonge, Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, taarifa inayotolewa kwa Kifaransa pekee huwaacha wengi wakisubiri mfasiri, na mfasiri huwa yeyote aliyepo. Kiswahili nchini Burundi kimewahi kudharauliwa kama lugha ya wajanja na ya ulaghai, na neno Mswahili limetumika kwa maana hiyo. Dharau hiyo ina gharama: lugha iliyoachwa nje ya taarifa rasmi hubaki kuwa lugha ya taarifa zisizo rasmi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na vyuo vya Burundi, inaweza kuandaa istilahi za pamoja za Kiswahili na Kirundi kwa tiba, utafiti na haki ya mpito, zikiwemo ridhaa, sampuli, ufukuaji na utambuzi wa mabaki.

Nne, kuhusu waliotoweka. Orodha ya makaburi haitoshi bila orodha ya majina. Familia ihitaji kuwa na ofisi inayojulikana, iwe ya upande wowote wa historia ya Burundi, ambako itapeleka jina na kupata jibu la maandishi, hata kama jibu hilo ni kwamba uchunguzi unaendelea.

8.0 Hitimisho

Tumefuata neno mateka kutoka ua wa misheni mwaka 1881, kupitia kambi ya malale, hadi lori la mwaka 1972 na mashimo yaliyofukuliwa Karusi. Katika kila kituo walikuwepo wenye mamlaka waliojua aliyechukuliwa yuko wapi, na jamaa ambao hawakuambiwa. Simulizi za wanyonya damu zilizaliwa katika umbali huo. Ziliwapa watu mtuhumiwa, zikampa aliyechukuliwa shimo la kuishi ndani yake, na mara nyingine zikamwua dereva aliyefuatana na wenzake waliokwenda kuchota udongo.

Atakayetaka kuzimaliza simulizi hizi asianze na mnyonya damu, kwa kuwa huyo hayupo. Aanze na jina la aliyechukuliwa, aseme yuko wapi, na aliseme hilo kwa lugha ya wanaomngoja.